Tonge la Nadhiri

Askale alishuka garini na kikaango cha chuma kwapani, kibao kipya cha kukatia nyama mkononi, na kisu kipya kilichofungwa utepe mwekundu kwenye mpini. Shangazi Wude alikuwa mlangoni akikanda kocho, mkate wetu wa migomba. Aliona mzigo ule, akaacha kukanda na kushika kiuno.

"Kikaango? Kesho Sikukuu ya Msalaba, wewe unatuletea kikaango? Kwani tunakaanga mayai?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kikaango cha nini?"

"Cha Zergaw."

Upande wa pili wa gari Zergaw alikuwa anashuka taratibu, mkono mmoja umeshika mlango. Alikuwa amekonda, lakini alisimama kwa miguu yake mwenyewe, na hilo peke yake lilimfanya shangazi apige vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Alimkumbatia, akambusu mashavu yote mawili, akalia, akacheka. Kisha akamgeukia tena Askale, maana shangazi Wude hajawahi kusahau neno alilolianza.

"Huyo mtoto ametoka kaburini, halafu unataka kumlisha nyama iliyokauka!"

Ngoja niseme mambo yalivyokuwa, mtu asije akadhani Askale alikuwa mchokozi tu. Mchokozi alikuwa, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa na sababu. Miezi kumi na minne kabla ya hapo, madaktari wa Addis Ababa walimtoa figo moja wakampandikizia mdogo wake Zergaw, ambaye yake yote mawili yalikuwa yameshakufa. Ndugu saba waliitwa wakapimwe. Wanne hawakufaa, wawili walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Askale ndiye aliyepanda kitandani akamwambia daktari akate, tena asichelewe, kwa sababu ameacha nyama inamngoja.

Na nyama ndiyo kazi yake. Ana nyumba ya kuuzia kitfo mjini, mwaka wa ishirini huu. Anaikata nyama mbichi kwa kisu mpaka inalainika kama uji mzito, anaichanganya na siagi ya viungo na mitmita, pilipili yetu ile inayomtoa mtu machozi, na watu wanapanga foleni. Hakuwa mtu wa kujiuliza jambo mara mbili. Mara nyingi hata ile ya kwanza hakuihitaji.

Daktari aliwaketisha wote wawili siku ya kuruhusiwa, akawaeleza bila kuzunguka. Asubuhi na jioni Zergaw atameza dawa za kuulaza ulinzi wa mwili wake, usije ukaliona figo la dada yake kuwa mgeni ukalishambulia. Sasa, mlinzi akilala, hamzuii mwizi yeyote. Mdudu wa nyama mbichi au wa maziwa yasiyochemshwa, ambaye kwa Askale ni kuharisha siku mbili, kwa Zergaw anaweza kuondoka na figo, au na Zergaw mwenyewe. Nyama yake iive mpaka katikati. Kisu na kibao chake visiguse nyama mbichi ya watu wengine. Askale aliyashika maneno yale kama sala, na kwa miezi kumi na minne hakuna tonge lililopita kinywani mwa mdogo wake bila yeye kulijua.

"Shangazi," alisema sasa, huku akitua kikaango chini, "Zergaw hali mbichi. Basi."

"Kwani mbichi ina nini? Siagi inaunguza, mitmita inamaliza. Mdudu gani atapona humo?"

"Mdudu anapona, shangazi. Pilipili haipiki nyama."

"Ehee! Mimi nilikuja kwako mjini, nikakaa mezani, nikasikia kwa masikio yangu haya ukimwambia mteja kwamba mitmita yako inapika kuliko jiko. Au nilikuwa naota?"

Ni kweli alisema. Alikuwa amelisema hilo miaka ishirini, kwa mawaziri na kwa wapagazi, na lilimsaidia sana kuuza.

"Nilisema," alijibu. "Nilikuwa nafanya biashara."

"Na minyoo je? Tegu akiingia, tunakunywa dawa, tunaenda chooni, tunarudi mezani. Babu zako wote walikula hivyo."

"Babu zangu walikuwa na mafigo yao, shangazi."

Hapo shangazi alipunguza sauti, akatazama ndani kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Wewe Askale, hujui? Baba yako ameweka nadhiri."

Mzee Dargie aliuza viatu soko la Merkato miaka thelathini, akarudi kijijini na sauti ileile ya kupigia wateja kelele. Mwanawe alipokuwa amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alikwenda kanisani kwa Mtakatifu Giorgis akaahidi mbele ya padri na majirani: Sikukuu ya Msalaba ambayo Zergaw atarudi nyumbani akitembea, atachinja dume lake jeusi la ng'ombe, na tonge la kwanza la kitfo atamlisha Zergaw kwa mkono wake mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kinaijua nadhiri hiyo. Waliokuwa hawajaambiwa ni wale wawili waliolala hospitali.

Kwetu mtu akikunyoshea tonge, hukatai. Unafungua kinywa, hata kama umeshiba mpaka shingoni. Kumkatalia ni kumwambia kwamba mkono wake mchafu, au moyo wake. Na kumkatalia baba, siku ya Msalaba, mbele ya majirani, tonge la nadhiri? Loo! Sijawahi kulisikia.

Askale aliingia ndani moja kwa moja. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya nguzo, amejifunika shuka nene ya pamba. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akawa anaona watu kama vivuli tu.

"Baba, nadhiri yako nimeisikia. Nzuri. Lakini tonge lake litakuwa la nyama iliyoiva."

"Iliyoiva hiyo si kitfo."

"Daktari amesema—"

"Daktari nimemshukuru. Nimempelekea asali. Lakini nadhiri sikuweka kwa daktari." Mzee aligonga fimbo yake chini. "Mungu hakumponya mwanangu nusu, Askale. Nami simlipi nusu."

"Akiumwa je?"

"Mkono wangu umlishe, halafu aumwe? Toka hapa!"

Alitoka. Alikuwa amekasirika, lakini hofu hakuwa nayo, maana alikuwa na uhakika kwamba atapata njia. Huwa anaipata.

Asubuhi ya sikukuu dume lilichinjwa uani. Wanaume walikuwa wamekunja mikono ya mashati, wanakata minofu, na kila mmoja anatupia kipande kinywani kabla hakijapoa. Zergaw alikuwa amesimama mbali kidogo karibu na ua, mikono nyuma, anatazama. Askale alimfuata.

"Usikae karibu na nzi wale. Dawa umemeza?"

"Nimemeza."

"Saa ngapi?"

Zergaw aligeuka. "Dada, naomba nikuulize kitu. Hili figo, ulinipa au uliniazima?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu. Mwaka na zaidi sasa unanihesabia vidonge. Unanusa maziwa yangu. Mke wangu akinipikia, unampigia simu kumuuliza nyama imekaa motoni dakika ngapi. Nina miaka thelathini na minane, dada. Wale pale ni watu niliokua nao, na wananiangalia kama yai. Leo baba ataninyoshea mkono, na wewe umeshaamua kinywa changu kifanye nini, hata hujaniuliza."

"Ukila mbichi, Zergaw, haki ya Mungu nakupasua mwenyewe nilichukue figo langu. Na kisu ninacho."

Alitegemea acheke. Zamani angecheka. Safari hii alimtazama tu, akasema polepole, "Langu, umesema," akaondoka kwenda kwa wanaume wenzake. Askale alibaki pale uani, uso unamchoma.

Basi akafanya anachokijua, akaingia jikoni. Alichagua mnofu safi usio na mshipa, akaukata kwenye kibao chake kipya kwa kisu chenye utepe, mpaka ukawa laini. Akabandika kikaango. Aligeuza nyama, akaigeuza tena, mpaka haikubaki chembe nyekundu. Kisha akaishushia siagi kwa wingi, iliki, mitmita, akaipondaponda kwa mgongo wa kijiko ishikane kama ile mbichi. Akaimwaga kwenye bakuli jeusi la udongo, akaifunika kwa jani la mgomba. Ukiitazama kwa mbali, ungedanganyika. Na mzee hata kwa karibu hakuwa anaona.

Shangazi Wude, aliyekuwa pembeni akichanganya kitfo ya wageni, alimwangalia mwanzo hadi mwisho.

"Unabadilisha bakuli."

"Nabadilisha. Baba atalisha, nadhiri itatimia, Zergaw atakuwa salama, kila mtu atashiba. Wewe hujaona kitu."

"Mimi sijaona kitu," alisema shangazi. "Lakini vidole vya kaka yangu havina mtoto wa jicho."

"Nimepika nyama miaka ishirini, shangazi. Niachie mimi."

Saa saba mchana nyumba ilikuwa imejaa. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, majirani wameketi bega kwa bega, na siagi inanukia mpaka nje. Padri alibariki, akaaga kwenda nyumba nyingine. Mzee Dargie alinawa mikono. Zergaw aliketishwa mbele yake. Askale mwenyewe alileta bakuli jeusi, akaliweka mapajani pa baba yake, akarudi nyuma hatua mbili akiwa amejiamini kabisa.

Mzee alisema maneno yake. Alimtaja Mtakatifu Giorgis, akalitaja dume, akamtaja Zergaw kwa majina matatu. Kisha akatia mkono wa kulia bakulini.

Vidole vikasimama.

Alivisugua pamoja, kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akikagua ngozi ya viatu. Akaviinua puani, akanusa.

"Nyama hii imeona moto," alisema.

Askale aliinamisha kichwa.

"Askale! Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Umenifanya kipofu mbele ya majirani zangu." Sauti ya Merkato ilikuwa haipo. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza Askale. "Wude, niletee kitfo."

Shangazi alimwangalia Askale, akamwangalia kaka yake, akaleta bakuli la wageni. Angefanya nini? Mzee alitia mkono mle, na safari hii vidole havikusita. Alifinyanga tonge kubwa, jekundu, linalochuruzika siagi, akalinyosha mbele. Zergaw alikuwa umbali wa shibiri moja.

Askale alipiga hatua. Alikuwa ameshaupima ule mkono kwa macho, alikuwa na uwezo wa kuupiga tonge likaruka mpaka ukutani, na aibu ikimkuta yeye peke yake, angeibeba. Lakini Zergaw alikuwa amegeuza shingo, anamtazama yeye, si tonge. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja jibu lake la asubuhi.

Askale alielewa. Leo ataupiga mkono huu. Kesho je? Zergaw atarudi kwake, atakwenda safari, ataketi na marafiki, na mikono ya watu haiishi. Hawezi kusimama mbele ya kila tonge mpaka kufa. Na kilichokuwa ndani ya mdogo wake, miezi yote hii, alikuwa hajakiachia.

"Nilikupa," alisema. "Sikukuazima. Ni lako, Zergaw. Fanya utakavyo."

Akarudisha mguu wake nyuma. Naapa kwamba kupanda kitanda cha upasuaji hakukumshinda kiasi kile.

Zergaw alimgeukia baba yake. Aliinua mikono miwili, akaushika ule mkono wenye tonge, akauinamia na kuubusu juu, kwenye kifundo.

"Baba, sili."

Watu waliguna. Mzee hakusogeza mkono. "Unanikatalia?"

"Nakatalia nyama. Mkono wako sijaukataa. Hili figo nimeambiwa sasa hivi kwamba ni langu, na mimi changu nakitunza. Nikila hiyo, naweza kufa, baba. Si dada anayesema, ni mimi."

"Na nadhiri yangu? Niende nikamwambie nini Mtakatifu Giorgis?"

"Mwambie uliikosea hesabu." Zergaw hakuwa ameuachia mkono. "Tuliingia hospitali watoto wako wawili. Tulikatwa siku moja, vitanda viwili, ukuta mmoja katikati. Ulipiga simu kila siku ukauliza, 'Zergaw yukoje?' Aliyekuwa anapokea simu ni nani? Ni huyu, na mshono haujakauka. Mimi ulinitolea dume. Yeye ulimtolea nini? Hata pole, baba, sisi hatujaisikia. Mimi nilikuwa nimeshakufa, sikuwa na cha kupoteza. Yeye alikwenda pale mzima. Tonge la kwanza si langu."

Jirani mmoja alikohoa. Askale alitaka kusema aache upuuzi huo, kwamba yeye hakudai kitu, kwamba yuko sawa.

Mzee Dargie aliacha siagi imtiririke mpaka kiwiko.

"Askale. Uko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Sogea. Sikuoni."

Alipiga magoti mbele yake kwenye majani. Mzee alinyosha mkono wa kushoto, akapapasa, akaupata uso wake, halafu bega.

"Walikukata wapi?"

Askale aliuchukua mkono ule akaupeleka ubavuni, chini ya mbavu, juu ya nguo. Mzee aliukandamiza hapo kwa kiganja kizima.

"Iliuma?"

Watu walikuwa wamemsifu. Walikuwa wamemwita shujaa, wamemwahidi ng'ombe kwa mdomo tu na kumpa baraka za bure. Hilo swali hakuwa ameulizwa na mtu.

"Iliuma, baba," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya kijiji, yeye Askale ambaye wanaume wa machinjioni humwamkia kwa heshima. "Iliuma sana."

"Pole, binti yangu," alisema mzee. "Fungua kinywa."

Alilishwa. Tonge lilikuwa kubwa kupita kiasi, likamjaa mashavu yote mawili. Chumvi ilikuwa imepungua na shangazi Wude alikuwa ameibania mitmita. Mjini angemrudisha mpishi jikoni na matusi juu. Alilitafuna lote polepole.

Mzee alimwambia Zergaw amshikie maji, akanawa mikono vizuri, kwa sabuni, bila kuambiwa na mtu. Ndipo akalivuta bakuli jeusi, akafinyanga tonge la nyama iliyoiva, akamlisha mwanawe.

"Nyama imekufa hii," alinung'unika.

"Afadhali ife hiyo, baba," alisema Zergaw kinywa kimejaa, na nyumba nzima ikacheka. Shangazi Wude alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika kuhusu kikaango, akanyamaza. Askale aliinuka, akajipangusa majani magotini, akageuka kwenda jikoni kutazama kama kuna wageni ambao hawajaandaliwa.

"Wewe unakwenda wapi?" Mzee alikuwa ameshatia mkono tena kwenye bakuli la mbichi. "Rudi hapa. Tonge moja huleta ugomvi, la pili hupatanisha, hujui? Na mimi na wewe tumegombana vya kutosha."

Askale alirudi, akapiga magoti, akafungua kinywa.